Moteri inapozima ziwani, tuanze na njia ya esansi

Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Baraka



Munakumbuka ule usiku mtumbwi wetu ulipokwama kati ya Ubwari na Baraka. Ndani mulikuwa mama mwenye uchungu wa kuzaa. Moteri ilienda dakika kama kumi, ikazima. Vijana wakabadilisha buji, ikawaka, kisha ikazima tena. Walipiga kasia mpaka asubuhi. Mungu ni mwema, mama alijifungua salama hospitalini. Lakini sisi wa ofisi, kesho yake tu, tulianza kuandika barua ya kuomba moteri mpya.

Kabla ya kuituma tulimwita fundi mmoja mzee. Hakufungua moteri hata kidogo. Aliangalia tangi, akakuta sikurubu ya hewa kwenye kifuniko imefungwa kabisa. Akaifungua, moteri ikaunguruma saa nzima. Ile barua tuliipasua.

Vijana walikuwa wameifunga juu ya kuogopa mawimbi yasiingize maji. Woga wao ulikuwa na maana. Ila esansi ikitoka bila hewa kuingia, tangi linaishika, haitoki tena. Walipokuwa wanabadilisha buji, hewa kidogo ilipenya, ndiyo sababu iliwaka tena. Buji haikuwa na kosa. Basi tangu leo: sikurubu iwe wazi safarini, na tangi liwekwe juu ya ubao, lifunikwe na hema bila kuziba ile hewa.

Sasa tufuate njia yote, kutoka tangi kwenda moteri.

Kwanza, esansi ipo? Na sikurubu iko wazi?

Pili, ile pampu ya mpira ya kuminya kwa mkono. Mshale wake uangalie moteri. Minya mpaka iwe ngumu. Ikikataa kuwa ngumu, mara nyingi kuna mahali hewa inaingia: tiyo imepasuka, kiungo hakikukaza, au vali zake zimechoka. Ikinyonywa na kubonyea moteri ikiwa inatembea, kizuizi kiko nyuma, upande wa tangi. Ikiwa ngumu na moteri bado inakufa, tafuta mbele: filtri, pompi au kabureta. Na kama moteri inaishi tu wakati unaminya, shaka kubwa ni pompi ya moteri au tiyo inayovuta hewa. Minyeni hivyo hivyo, mufike kwanza pwani.

Tatu, maji. Esansi ya bidoni za barabarani tunaijua sisi wote. Mimina kidogo ndani ya chupa ya kioo safi, ngoja dakika kumi. Maji ni mazito, yatakaa chini. Ukiyaona, esansi hiyo isiingie ndani ya tangi.

Nne, filtri. Ikiwa na uchafu, isafishwe au ibadilishwe. Kabureta tuiachie fundi, tena tundu zake zipulizwe kwa hewa, zisichokolewe na waya, maana waya unazipanua.

Na kwa moteri yetu ya kuchanganya oili, kipimo chake ni 50 kwa 1: bidoni ya lita 20 inapewa mililita 400 za oili. Tupime kwa chupa yenye alama, tusikadirie kwa macho.

Onyo moja: wakati wa kazi hii hakuna sigara wala taa ya moto. Na hakuna kuvuta esansi kwa mdomo, hata kama baba zetu walifanya hivyo.

Wengi wetu tulirudi kupitia ziwa hili, tangu 2005 meli zilipoanza kutuleta kutoka Kigoma. Ziwa ni barabara yetu, na kiangazi upepo wa kusini haumungojei mtu anayetafuta ufunguo.

Wafadhili wetu, safari hii hatuombi moteri. Tunaomba tiyo moja ya akiba, filtri mbili, pampu ya mkono na jaketi za kuokolea zinazotosha kila abiria. Nanyi vijana, kabla ya kuondoka gusa sikurubu, minya pampu, tazama chupa. Ni dakika chache tu, na mama wa safari ijayo hatapigiwa kasia mpaka asubuhi.