Upepo Utokao Kwenye Jua



Leo tuzungumze habari ya upepo. Si huu ushukao toka Uluguru jioni ukatikisa migomba yetu. Huu watoka kwenye jua.

Jua hutupa joto na mwanga. Hutoa pia hewa nyepesi mno yenye umeme ndani yake. Wataalamu huiita plazima. Huenda kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde moja. Yaani, ukitamka tu "Morogoro", imekwisha fika Dar es Salaam na kurudi!

Je, mbona haitupigi? Dunia ni sumaku kubwa. Ndiyo maana mshale wa dira huelekea kaskazini. Nguvu ya sumaku hiyo hutukinga. Tazameni mto Mgeta unaposhuka kwa kasi na kugonga jiwe. Maji huinuka, hutibuka, hufanya povu, kisha hupita pembeni. Upepo wa jua nao hutibuka hivyo, kilomita 90,000 hivi mbele ya dunia. Hapo pana mawimbi mengi ya umeme. Vyombo vilivyorushwa angani vimeyapima.

Siku nyingine jua hulipuka, na upepo huja kwa nguvu zaidi. Hiyo ni dhoruba. Tarehe 10 Mei 2024 ilifika dhoruba kubwa kuliko zote tangu mwaka 2003. Huko Marekani baadhi ya wakulima walisimamisha kupanda, maana matrekta yao yanayoongozwa na setilaiti yalipoteza mstari.

Siku mbili baadaye, tarehe 12 Mei, intaneti ilisumbua sana hapa Tanzania. Mtu angeweza kusema, "Ni lile jua!" Sivyo. Nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, zilikuwa zimeharibika. Jambo kufuata jingine si kwamba limezaliwa nalo.

Ndugu zetu, hapo ndipo kisomo kinapotufaa. Leo mmegombana na jirani, kesho mtoto anaugua. Tusikimbilie kusema, "Ni yule bibi kizee." Wapo wazee waliouawa katika nchi yetu kwa neno kama hilo. Kwanza tumpeleke mtoto zahanati, apimwe. Kisha tuulize: imetokeaje? Nani ameona?

Maswali ya kuzungumza kikundini:
1. Kwa nini upepo wa jua hautufikii?
2. Ni jambo gani kijijini kwenu lilisemwa haraka, kumbe sivyo?