Kuchagua Pingu: Kufuli la Pili Lisiwe Mzigo kwa Askari

Mada kwa semina ya wakufunzi na maofisa ugavi wa vikosi vya ulinzi

1. Utangulizi

Tunaponunua pingu huwa tunauliza bei, uimara wa chuma na idadi ya funguo. Naomba swali jingine litangulie hayo: je, askari ataweza kufunga kufuli la pili usiku, mikono ikiwa na jasho, na mtuhumiwa akijitikisa? Kufuli linalosumbua huachwa wazi, hata kama mafunzo yanasema lifungwe.

2. Kazi ya kufuli la pili

Mkono wa pingu una meno, na ndani ya pingu kuna ulimi unaosukumwa na springi. Ulimi huo huuruhusu mkono kwenda upande mmoja tu, wa kukaza. Tangu Mmarekani George Carney alipopata hataza ya pingu yenye mkono unaozunguka mzima, mwaka 1912, kumtia mtu pingu ni kazi ya sekunde. Shida huja baadaye. Aliyefungwa mikono nyuma akiegemea kiti cha gari, pingu huzidi kubana, jino baada ya jino. Mshipa wa fahamu wa upande wa dole gumba umepita karibu sana na ngozi. Ukibanwa, mgongo wa kiganja hufa ganzi, na ganzi hiyo yaweza kudumu wiki kadhaa.

Kufuli la pili huuzuia ulimi usinyanyuke. Mkono hukaa palepale, haukazi wala haulegei. Hata kibati chembamba kinachochomekwa kwenye meno ili kuifungua pingu kwa ujanja hakifui dafu.

Sheria za mwenendo wa makosa ya jinai za Tanzania na Kenya zinataka aliyekamatwa asibanwe kuliko inavyohitajika kumzuia asitoroke. Pingu inayojikaza yenyewe huvuka mpaka huo bila askari kukusudia.

3. Aina mbili za kawaida

Aina ya kwanza ina kitundu ubavuni. Askari hugeuza ufunguo, akachomeka kipini kilicho kwenye ncha yake na kubonyeza. Ni rahisi kufundisha, ila kitundu ni kidogo na gizani hukosewa.

Aina ya pili ina mfereji mfupi. Kipini huingia humo na kusukumwa kando. Mfereji huonekana na kupapaswa kwa urahisi zaidi, lakini askari lazima ajue asukume upande gani.

Zipo pia pingu zenye tundu la ufunguo pande zote mbili. Hizo hupunguza adha pale pingu inapovalishwa kinyume.

4. Jaribio kabla ya kununua

Tusimwachie muuzaji atuonyeshe mezani. Tuchukue sampuli, tuwape askari wa kawaida, wakiwemo wenye vidole vinene na wanaovaa glavu. Kila mmoja afunge, apime nafasi kwa ncha ya kidole kati ya chuma na kifundo cha mkono, kisha afunge kufuli la pili bila kutazama. Halafu ajaribu kuukaza mkono wa pingu: ukisogea hata jino moja, hajafaulu.

Mwisho afungue. Kwa pingu nyingi, ufunguo huzungushwa kwanza kinyume ili kuliachia kufuli la pili, ndipo hurudishwa upande wa kufungulia. Asiyejua hilo hulazimisha na kuvunja ufunguo.

5. Mapendekezo

(a) Zabuni itaje wazi kufuli la pili na namna litakavyojaribiwa.

(b) Kikosi kimoja kitumie aina moja ya pingu, ili mkono wa askari uzoee.

(c) Vumbi na kutu visafishwe kwa ratiba, maana kipini kilichokwama hakina faida.

(d) Anayeshindwa jaribio la gizani arudie mafunzo kabla ya kupewa pingu.

Pingu mbili zikilingana kwa uimara, tununue ile ambayo askari wetu wamefaulu kuifunga kufuli la pili gizani, hata ikiwa bei yake imezidi kidogo.