Kununua na Kutunza Saa Kuukuu ya Uswisi



Juma lililopita nilipata barua ya msikilizaji mmoja, katibu wa kamati ya wazazi wa shule ya msingi. Mwalimu mkuu wao anastaafu mwisho wa muhula huu. Amefundisha hapo miaka mingi, hata baadhi ya wazazi wa leo walikuwa wanafunzi wake. Wazazi wamechanga fedha, nao wamekubaliana wampe saa ya mkono ya Uswisi. Saa mpya hawaiwezi. Lakini yuko mfanya biashara mmoja mjini mwenye saa iliyokwisha kutumika, ya kutiwa ufunguo, yenye jina la Omega usoni, naye asema ni ya miaka ya 1950. Katibu anauliza, "Je, tuinunue? Fedha si zangu, ni za watu, na nikidanganywa sitakuwa na uso wa kurudi mkutanoni."

Nitamjibu yeye, nanyi wengine sikilizeni, kwa maana saa kuukuu zinauzwa kila mji, na walionunua kwa kutazama jina tu ni wengi.

Bwana Katibu, uso wa saa si saa. Unaponunua saa unanunua mashine iliyo ndani, na uso wake ni kama ubao wa duka, waweza kupakwa rangi upya asubuhi hii na kuandikwa jina lo lote. Basi tuanze na mashine.

Ndani ya saa ya kutiwa ufunguo mna kamani, yaani utepe mrefu wa chuma cha pua uliokunjwa ndani ya kikopo cha duara. Ukitia ufunguo unaikaza kamani, nayo kwa kutaka kukunjuka huyasukuma magurudumu yenye meno. Kama pasingekuwa na kizuizi, magurudumu yangezunguka mbio na nguvu zote zingekwisha mara moja. Kwa hiyo mwisho wa magurudumu pana chombo kidogo chenye umbo la nanga, na mafundi wa Uswisi wasemao Kifaransa hukiita hivyo hivyo, ancre, maana yake nanga. Nanga huachilia jino moja, hushika, huachilia jingine. Anayeiamuru ni gurudumu la mizani, liendalo huku na huku kwa nguvu ya kamani ya pili, nyembamba kama unywele. Katika saa nyingi za miaka ya 1950 gurudumu hilo hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 5 kwa sekunde, au mara 432,000 usiku na mchana. Saa ya namna hii ikikosea nusu dakika kwa siku, imekosea sehemu 1 tu katika 2,880. Kwa mashine ya umri wa miaka sitini au sabini hilo si kosa la kulalamikia. Atakaye kupita hapo na anunue saa ya betri. Tangu Seiko wa Japani walipoitoa saa ya namna hiyo mwezi wa Desemba 1969, hapana saa ya kamani iwezayo kushindana nayo kwa usahihi, na bei yake sasa ni ndogo. Nalisema hili waziwazi ili kamati ijue inanunua nini. Inanunua kazi ya mikono ya watu na kitu cha kurithiwa. Dakika ziko rahisi mahali pengine.

Katika mashine hiyo mna vito, navyo huwadanganya watu wengi. Mwuzaji atakuambia, "Hii ina almasi 17 ndani." Si almasi. Ni yakuti, tena yakuti za kutengenezwa katika tanuru, kwa njia iliyotangazwa na Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902, na thamani yake ni ndogo sana. Kazi yake ni kushika ncha za mihimili ya magurudumu zisilike, kwa sababu yakuti ni ngumu kuliko chuma na hulainika sana. Saa nzuri ya kutiwa ufunguo huwa nazo 15 au 17. Zikizidi hapo katika saa isiyo na kazi nyingine, mara nyingi ni mapambo ya biashara.

Zikiwa 1 tu, au hakuna kabisa, hapo fahamu kwamba umeshika saa ya namna nyingine. Georges Frederic Roskopf, fundi wa mji wa La Chaux-de-Fonds, alitoa mwaka 1867 saa ya mfukoni aliyokusudia mfanya kazi wa kawaida aweze kuinunua kwa faranga 20. Nanga yake ilikuwa na vijiti vya chuma badala ya vito. Lilikuwa jambo jema, nami namheshimu kwalo. Mfano wake ukafuatwa hata katika saa za mkono, zikauzwa kwa mamilioni ulimwenguni, na nyingi zimeandikwa "Swiss Made" kwa haki kabisa. Maneno hayo yana sheria yake, iliyowekwa Uswisi mwaka 1971 na kukazwa mwaka 2017, ambayo sasa hutaka angalau sehemu 60 katika 100 za gharama za kuitengeneza saa ziwe za Uswisi. Sheria hiyo yataja mahali. Haitaji vito, wala haisemi kwamba saa itadumu.

Sasa nenda dukani, Bwana Katibu, na usiende peke yako. Nenda na fundi saa asiye ndugu wala mshirika wa mwuzaji, ukamlipe ujira wake. Mwombe mwuzaji ruhusa ya kufungua kifuniko cha nyuma. Kwa jambo hili usilegee. Akikataa, sema asante na uondoke, hata kama atapunguza bei. Hasa hapo atakapopunguza bei.

Kifuniko kikifunguka, fundi atatazama kwa kioo chake cha kukuzia. Saa ya Omega ya miaka ile huwa na jina la Omega juu ya mashine yenyewe, idadi ya vito, na namba yake ya kiwanda, na kwa namba hiyo wajuzi hukisia mwaka ilipotengenezwa. Uso ukisema Omega na mashine haisemi kitu, hiyo ni saa ya viraka: uso wa huku, mashine ya kule, kifuniko cha kwingine. Walakini msiifanye kanuni hii kuwa ya saa zote. Viwanda vingi vidogo vya Uswisi, wala si vibaya, vilikuwa vikinunua mashine kutoka kwa watengenezaji wakubwa kama A. Schild na ETA wa mji wa Grenchen, na hapo mashine yaweza kuwa na alama ya aliyeitengeneza bila kosa lo lote.

Fundi atazame pia vichwa vya skurubu. Vikiwa vimechubuka, saa imepita mikononi mwa mtu asiye na bisibisi ya kufaa, na aliyeharibu skurubu hakuishia hapo. Atazame kutu, hasa karibu na kijiti cha kichwa cha kutilia ufunguo, maana huo ndio mlango wa maji. Alama moja ndogo ya kahawia hapo ni habari ndefu.

Kisha mrudi kwenye uso. Uso wa asili wa miaka 60 mara nyingi umebadilika rangi kidogo, umekuwa kama maziwa yaliyotiwa chai, na hilo si kosa. Uso mweupe unaong'aa kama sahani mpya utiliwe shaka. Tazama herufi: rangi iliyopakwa upya hufanya herufi kuwa nene, na vialama vya dakika havilingani. Tazama chini kabisa, penye 6. Hapo ndipo maneno "Swiss" au "Swiss Made" huandikwa. Kama yamefutika na jina la juu li jipya, umekwisha jibiwa.

Hapa sina budi kusimama kidogo, kwa kuwa ni jambo la afya. Ikiwa mishale na tarakimu zina rangi ya kung'aa gizani, na saa ni ya kabla ya miaka ya 1960, yawezekana sana rangi hiyo ni ya radiamu. Ung'aaji wake umekwisha zamani, lakini radiamu yenyewe haijaisha, maana nguvu zake hupungua nusu kwa muda wa miaka 1,600 hivi. Huko Marekani wasichana waliopaka rangi hiyo viwandani tangu mwaka 1917, wakiichonga ncha ya brashi kwa midomo, waliugua taya na mifupa, na wengi wakafa. Kesi ya baadhi yao ilimalizika mwaka 1928. Kuivaa saa hiyo si sawa na kuilamba, lakini vumbi lake likiingia kifuani ni sumu. Usifungue kioo nyumbani, usiikwaruze rangi, na usimpe mtoto aichezee. Mimi katika zawadi ya mzee ningechagua saa isiyo na rangi hiyo kabisa.

Mashine ikiwa safi, ijaribuni. Tia ufunguo polepole. Usikie mkazo ukiongezeka bila kukwama. Omba kukaa nayo siku moja, hata kwa kuweka amana. Iache saa kadhaa uso juu, saa kadhaa uso chini, kisha isimame wima, ukiilinganisha na saa ya simu. Inayokwenda vizuri ikilala na kusimama ikiinuliwa ina ncha zilizolika. Isiyokwenda mpaka uitikise kwanza ina mafuta yaliyokauka.

Na mafuta hayo ndiyo sehemu ya bei ambayo mwuzaji hakutajia. Mafuta ya saa hukauka hata ikikaa sandukuni, na saa ikiendelea kwenda bila mafuta hujisaga yenyewe. Yapasa kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta mapya kila baada ya miaka mitano hivi. Ikiwa mwuzaji hana hati ya kusafishwa kwake, ihesabu kuwa haikusafishwa. Muulize fundi ujira wa kazi hiyo kabla ya kupatana bei, uujumlishe, ndipo uone kama fedha za wazazi zatosha. Uliza na vipuri. Saa za betri zilipoingia, wafanya kazi wa saa huko Uswisi walipungua kutoka kiasi cha 90,000 mwaka 1970 hata kiasi cha thuluthi yake katika miaka ya 1980, na viwanda vingi vikafungwa pamoja na maghala yake. Saa ya kiwanda kilichokufa yaweza kuwa nzuri sana na isipate gurudumu moja la kuiponya. Kwa hiyo mashine iliyotengenezwa kwa wingi, kama ile ya Omega ya milimita 30 iliyoanza mwaka 1939, ni bora kwenu kuliko mashine ya ajabu iliyo adimu.

Kuhusu maji nina ushuhuda wangu. Marehemu baba aliniachia saa ya Uswisi iliyoandikwa nyuma "Waterproof", yaani maji hayaingii. Nikaamini maandishi, nikaogelea nayo baharini. Jioni nikaona ukungu chini ya kioo, nikaiweka dirishani ikauke, ukungu ukaondoka, nami nikafurahi. Baada ya miezi miwili ikasimama. Fundi alipoifungua akanionyesha kijiti na magurudumu mawili yamekuwa mekundu kwa kutu ya chumvi. Akaniambia, "Ungaliileta siku ile ile, ningaliisafisha tu." Yale maandishi yalikuwa kweli siku ilipotoka kiwandani. Mpira mwembamba wa kuzuia maji hukauka kama mpira wo wote, na yangu ilikuwa imekaa miaka arobaini bila kubadilishwa. Mwambieni mwalimu aivue akinawa, na akiona ukungu asingoje kesho.

Matunzo mengine ni mepesi. Atie ufunguo mara moja kila asubuhi, saa ikiwa mkononi mwake, si ikiwa imefungwa kwenye kifundo, maana kijiti hupindika. Afikapo mahali ufunguo unapokataa, aache. Kwa sisi wa pwani, jasho ni adui wa kila siku. Aifute kwa kitambaa kikavu kila jioni, na mkanda wa ngozi abadilishe mara unapoanza kunuka. Zile pini mbili ndogo zinazoshika mkanda zibadilishwe pamoja nao, kwa kuwa saa nyingi zilizopotea ziliangushwa na pini. Kama saa ina tarehe, asiibadilishe kwa mkono tangu saa tatu usiku hata saa tisa, wakati mashine yenyewe imeishika.

Tena asiiweke karibu na sumaku. Kamani ya unywele ikishikwa na sumaku, mikunjo yake hugandana, inakuwa kama imefupishwa, na saa hukimbia dakika nyingi kwa siku. Fundi huiondoa sumaku kwa dakika chache. Kipaza sauti cha redio kina sumaku, na nina hakika kuna msikilizaji mmoja ambaye saa yake iko juu ya redio wakati huu.

Basi, Bwana Katibu, mkiridhika, andikeni hati ya mauziano yenye jina la mwuzaji, bei, na namba ya mashine, itiwe sahihi mbele ya mashahidi wawili. Hati hiyo itakulinda mkutanoni, na itawalinda nyote ikiwa saa iliibiwa. Isafishwe kabla ya sherehe. Kisha mwambie fundi aandike tarehe ya kusafisha katika kikaratasi, mkitie ndani ya kisanduku chini ya saa, mwalimu ajue mwaka wa kuirudisha.

Kwaherini.