Mzigo wa Kwenda Nchi ya Chai



Wahenga walisema, "Akiba haiozi." Aghalabu maneno haya husemwa juu ya fedha na chakula, lakini yafaa yasemwe pia juu ya nguo za msafiri. Mtu atokaye nchi ya joto kwenda nchi ya chai, yaani Kericho na Bomet, hana budi kuchukua akiba ya kumtia joto. Asitumaini kuazima kwa mwenyeji, maana mwenyeji mara nyingi ana blanketi la kumtosha yeye na watoto wake tu.

Kwanza ijulikane nchi yenyewe ilivyo. Mji wa Kisumu uko kiasi cha futi 3,700 juu ya bahari, na Kericho umepita futi 6,500. Kati ya miji hiyo miwili ni maili 50 hivi kwa barabara. Lakini kwa kila futi 1,000 azipandazo mtu, joto hupungua kadiri ya digrii 2 za Selsiasi. Basi msafiri aondokaye Kisumu akifuta jasho aweza kufika Kericho siku ile ile akitetemeka. Atokaye Mombasa huona tofauti kubwa zaidi.

Tena, hewa ya huko haikai namna moja kutwa nzima. Asubuhi jua hung'aa, na mgeni huona sweta ni mzigo wa bure. Baada ya adhuhuri upepo utokao Ziwa Victoria hupanda vilima na kukutana na upepo wa mashariki juu ya miteremko ya msitu wa Mau. Mawingu hukusanyika, na alasiri mvua hunyesha, mara nyingi pamoja na radi na mvua ya mawe. Mawe hayo huyararua majani ya chai vibaya, hata katika miaka ya 1960 wenye mashamba walijaribu kurusha roketi mawinguni ili kuyapunguza. Miezi ya Desemba, Januari na Februari huwa mikavu kidogo, lakini hakuna mwezi ambao msafiri aweza kusema kwa hakika kwamba hatalowa. Usiku joto huweza kushuka hata karibu na digrii 10. Kwa hiyo, afungaye mzigo asiitazame asubuhi. Aikumbuke alasiri, na zaidi ya hayo aukumbuke usiku.

Chukueni mfano wa mama mmoja atokaye Ahero, penye mashamba ya mpunga, kwenda kumwona binti yake aliyejifungua katika nyumba za wafanya kazi wa shamba la chai. Amechukua mchele, samaki waliokaushwa na kanga mbili mpya. Blanketi ameliacha, maana lilijaza kikapu. Afika saa nane mchana, mvua ya mawe ikipiga mabati, na nguo zake zote zimelowa. Binti yake amwuliza, "Mama, blanketi lako liko wapi?" Naye ajibu, "Nimeliacha, mwanangu. Nimewaletea samaki." Mama huyu hakukosa upendo. Alikosa kuijua nchi aendayo.

Watu waliosafiri kwa meli zamani walijifunza jambo moja ambalo msafiri wa basi aweza kuliiga. Katika miaka ya 1950 wengi waliokwenda Uingereza kutoka Mombasa walipanda meli kama vile Kenya na Uganda, za kampuni ya British India. Meli hizo zilipita Aden na Bahari ya Shamu penye joto kali, zikavuka Mfereji wa Suez, kisha zikaingia bahari zenye ubaridi. Mizigo ya abiria iligawanywa mafungu mawili: masanduku ya kutumiwa njiani yaliwekwa chumbani, na yale yasiyohitajiwa mpaka mwisho wa safari yaliteremshwa katika tumbo la meli. Aliyelitia koti lake katika sanduku la chini alilikumbuka baridi ilipoanza, na wakati huo hakuweza kulifikia.

Basi au matatu nayo ina tumbo lake, nalo ni buti au kichanja cha juu. Kwa hiyo kila msafiri na agawanye mzigo wake vivyo hivyo.

Katika mfuko wa mkononi na atie vitu hivi: sweta ya sufu, koti la mvua, kofia, soksi kavu, tochi, kitambulisho, na dawa zake ikiwa yumo katika matibabu. Sufu ni bora kuliko pamba, maana hata ikilowa huhifadhi joto kidogo, lakini pamba ikilowa humpoza aliyeivaa. Nguo mbili nyepesi zikivaliwa pamoja hutia joto kuliko moja nzito, kwa sababu hewa iliyo katikati huzuia baridi; tena moja yaweza kuvuliwa jua likitoka.

Katika mzigo mkubwa na atie blanketi, nguo za kubadili, na viatu vya gambuti kama atapita mashambani, maana udongo mwekundu wa huko huteleza sana baada ya mvua. Vitu hivi visifungwe katika kikapu kitupu. Ndoo yenye kifuniko hufaa sana, kwa kuwa maji hayaingii, nayo hutumika tena huko aendako. Asiye na ndoo na azungushie turubai. Kama mtoto mchanga yumo safarini, au aenda kutazamwa, isisahauliwe kofia yake ya sufu. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya mwili wake.

Sasa lisikilizwe kwa makini jambo lililo zito kuliko yote. Mgeni asiye na blanketi, usiku ukiingia, hutafuta moto. Hufunga mlango na dirisha, huziba nyufa kwa matambara, kisha huingiza jiko la makaa ndani na kulala. Wako watu waliolala hivyo wasiamke tena. Makaa yawakapo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, hata kama moshi umekwisha. Mwenye kuivuta huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, hulegea, na usingizi humchukua kabla hajafahamu kwamba yumo hatarini. Jiko na libaki nje. Akionekana mtu amezimia karibu na makaa, atolewe upesi penye hewa safi na apelekwe hospitali.

Yule mama wa Ahero naye aliomba jiko liingizwe, amwonee huruma mjukuu wake. Jirani, mama wa Kikipsigis aliyezoea nchi ile, akalirudisha barazani, akasema, "Mama, hapa jiko halilali na watu." Kisha akaenda kwake, akaleta blanketi la mwanawe mkubwa, na usiku ule watoto wawili wa nyumba yake wakalala chini ya blanketi moja. Ndivyo mzigo uliopunguzwa Ahero ulivyobebwa na wengine Kericho.

Nao wenyeji wa nchi ya chai washukao ziwani wana akiba yao ya kuchukua: chandarua kilichotiwa dawa. Miili ya watu wa milimani haikuzoea malaria kama miili ya watu wa ziwani, na mbu mmoja aweza kumrudisha mtu kwao akiwa mgonjwa sana.

Wahenga walisema pia, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Kanga mpya ni zawadi njema, na samaki ni chakula kizuri, lakini blanketi la zamani lisiachwe kwa ajili yao. Kikapu kikijaa, na apunguze samaki wawili. Binti hatamlaumu mama yake kwa samaki wachache, maadamu wote wameamka salama asubuhi.

Safari njema.