AKINA MAMA NA FUNGUO ZA KASHA: VIJANA, ZENU KASHIKA NANI?

(Haya ni maelezo ya mazungumzo juu ya mikopo na uongozi wa vyombo vya fedha, nayaleta kwako msomaji kama yalivyosemwa.)

Ndugu zangu vijana,

Dukuduku lenu nalijua. Kila kijiwe nikipita nalisikia. Mnasema mikopo ni ya akina mama, semina ni za akina mama, hata posho za vikao ni za akina mama, na nyinyi wanaume wa mjini mmebaki kuhesabu daladala. Sitalikwepa hilo. Tutalifikia. Ila kwanza nataka tutazame chombo kimoja cha akina mama hao mnaowanunia, na hasa tuwatazame waliokiongoza. Fedha zake tuziache kidogo, maana fedha hata kibaka anazo.

Chombo chenyewe kinaitwa Women's World Banking. Jina lisikudanganye, si benki. Hakipokei akiba yako wala hakigawi faida kwa wenye hisa. Wazo lake lilizaliwa mwaka 1975 katika mkutano wa Umoja wa Mataifa wa wanawake uliofanyika Mexico City. Waliokutana pale walikuwa na swali moja zito. Huyu mama analima, anauza sokoni, anasomesha watoto. Akienda benki anaambiwa lete dhamana. Dhamana ni shamba, hati ya shamba ina jina la bwana. Basi arudi akamlete bwana! Mwaka 1979 wakasajili taasisi yao Uholanzi, na ofisi wakaiweka New York.

Sasa waliokuwa mstari wa mbele ni nani? Wake za wakubwa waliopewa kiti ili wapate safari? Hapana.

Mwenyekiti wa kwanza wa bodi alikuwa Mwafrika, mama Esther Ocloo wa Ghana, aliyezaliwa 1919 kule Peki. Alisoma Achimota kwa msaada wa masomo. Alipomaliza shule hakuwa na kitu. Shangazi yake akampa shilingi chache za wakati ule. Wengi wetu hapa tungenunua soda na sigara. Yeye alinunua machungwa, sukari na chupa, akapika jemu ya machungwa, akaenda kuiuza barabarani. Machinga, ndugu zangu! Machinga wa mwaka 1942, mwenye cheti cha Achimota mfukoni. Baadaye akapata mkataba wa kuiuzia shule yake ile ile, kisha jeshi, na kwa nguvu ya mkataba huo ndipo benki ikakubali kumkopesha. Kiwanda chake, Nkulenu, kikaanzia hapo. Mwaka 1990 alipewa Tuzo ya Uongozi ya Afrika pamoja na Jenerali Obasanjo wa Nigeria. Alifariki 2002.

Nimekaa sana kwa mama huyu kwa makusudi. Mtu wa namna hiyo akiketi mwenyekiti na muuza vitumbua akaja kuomba mkopo, hahitaji mtaalamu wa kumtafsiria shida ya muuza vitumbua. Anaijua. Imemlaza na njaa.

Wa pili ni Ela Bhatt wa India, mwanasheria aliyezaliwa 1933. Mwaka 1972 huko Ahmedabad alianzisha SEWA, chama cha wanawake wanaojitafutia: wabeba mizigo, wauza mboga, waokota makaratasi, washona nyumbani. Mwaka 1974 wanawake 4,000 walichanga rupia 10 kila mmoja, wakafungua benki ya ushirika iliyo yao. Wakubwa wa usajili walitia ngumu, wakisema hawa hawajui hata kutia sahihi. Inasimuliwa kwamba wale waliotakiwa kusaini karatasi za usajili walikesha usiku kucha wakijifunza kuandika majina yao. Na wateja wasiojua kusoma wakabandikiwa picha kwenye kitabu cha akiba, ili asije mjanja mmoja akachukua cha mwenzie.

Mama huyu hakuwa wa kuinamisha kichwa. SEWA ilikuwa chini ya mbawa za chama kikubwa cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Mwaka 1981 ulipozuka ugomvi juu ya nafasi za masomo walizotengewa watu wa tabaka la chini kabisa, Ela Bhatt alisimama na wanyonge hadharani. Chama mama kikamfukuza na SEWA yake yote! Wenye chama walidhani atarudi kupiga magoti. SEWA ikakua zaidi ikiwa nje, na yeye akaendelea na kazi hadi uzeeni. Alifariki Novemba 2022.

Wa tatu ni Michaela Walsh, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni kubwa ya hisa ya Merrill Lynch. Huyu ndiye aliyejua lugha ya mabwana wa Wall Street, akawa mtendaji mkuu wa kwanza. Utaona basi mpangilio: mama wa jemu anasimamia bodi, mjuzi wa hisa anaendesha ofisi, na ofisi inajibu kwa bodi. Si kama vyama vyetu vingi mjini, ambako mwenyekiti, mweka hazina na mwenye nyumba inayopangishwa kama ofisi ni mtu mmoja na shemeji yake.

Nikueleze walivyofanya kazi, maana hapa ndipo akili yao ilipo. Hawakwenda kugawa fedha. Walikwenda kwa benki ya nchi husika wakasema: mkopeshe huyu mama, hasara ikitokea tutagawana. Katika utaratibu wao wa mwanzo, taasisi ya New York ilibeba asilimia 50 ya hasara, tawi la nchi husika asilimia 25, na benki yenyewe asilimia 25. Chukua mkopo wa laki moja uliopotea wote. New York inalipa elfu hamsini, akina mama wa hapo nyumbani elfu ishirini na tano, benki nayo inaumia elfu ishirini na tano. Kila mmoja ana kidole kwenye mlango. Benki haiwezi kukopesha hovyo kwa kujua mzungu atalipa, na viongozi wa tawi hawawezi kupitisha jina la binti wa rafiki yao, kwa sababu robo ya maumivu ni yao.

Jambo jingine: Bi. Walsh aliondoka kwenye kiti mwaka 1990 akiwa mzima wa afya, hakusubiri kubebwa. Akaingia Nancy Barry aliyetoka Benki ya Dunia, naye akakiachia 2006, akaingia Mary Ellen Iskenderian. Watendaji watatu tangu miaka ya mwanzo! Hakuna aliyesema bila mimi chombo kitakufa.

Msidhani hadithi hii ni ya ng'ambo tu. Hapo jirani Kenya, mwaka 1981, wanawake wakiwemo Mary Okello, aliyekuwa ameshika umeneja wa tawi la Barclays wakati wanaume wengi hawakuamini mwanamke anaweza, walianzisha Kenya Women Finance Trust ikiwa na uhusiano na taasisi hiyo hiyo. Miaka kumi baadaye chombo kilikuwa hoi. Mwaka 1991 akaitwa Jennifer Riria kukishika. Alikipeleka kwa wanawake wa vijijini na sokoni, wakiwa katika vikundi, mwenzio akishindwa unajua na unauliza. Mwaka 2010 kikapata leseni ya kupokea akiba za watu.

Si kwamba kila kitu ni asali. Taasisi yenyewe ya New York iliwahi kuchunguza vyombo vya mikopo vilivyogeuka kuwa makampuni, ikakuta sehemu ya wateja wanawake ilipungua. Mwenye hisa akiingia, muuza mchicha anasogezwa pembeni. Na sisi tunayaona ya kwetu: mikopo ya kausha damu, mama anakopa asubuhi, jioni wanabeba godoro. Hiyo nayo huitwa kumkomboa mwanamke. Nenda kaulize nani mwenye kampuni, nani yuko kwenye bodi, yupo hata mmoja aliyewahi kuuza kitu barabarani?

Sasa narudi kwenye dukuduku lenu. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zetu Tanzania zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Umesikia? Vijana nanyi 4! Sawasawa na mama zenu. Basi nani kawapendelea?

Fedha zile zilikwenda wapi? CAG alitaja vikundi hewa na mabilioni yasiyorejeshwa, na Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo yote hadi 2024. Vigogo na wapambe wao wana lao la kujibu, na tutawauliza bila woga. Lakini vikundi vingine si hewa. Vina watu, watu wenyewe ni nyinyi. Mlikutana siku moja, mkamchagua mwenyekiti kwa sababu ana maneno na anamjua mtu halmashauri, mkaandika andiko la kufuga kuku, na kuku hawajaonekana mpaka leo.

Kwa hiyo mkitoka hapa, msiniulize fomu zinapatikana wapi.  Mimi nawauliza haya: kitabu cha benki cha kikundi chenu kiko nyumbani kwa nani usiku huu? Wanaosaini ni wangapi, na je, wanaogopana? Mwenyekiti wenu aliwahi kuuza nini, na alimlipa nani deni lake la mwisho?