Siku ya Kuweka Spana Chini

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukoo, Auburn, Sydney



Mwenyekiti ameniomba nizungumzie kustaafu, kwa kuwa mimi ndimi wa kwanza katika ukoo wetu hapa Australia kuamua kuacha kazi kwa hiari yake. Neno hilo "hiari" nalitaja kwa makusudi. Marehemu baba hakuchagua. Wakubwa mnakumbuka kwamba alikuwa fundi wa mashine katika shamba la mkonge. Kamba za nailoni zilipoenea duniani bei ya mkonge ilianguka, shamba likafungwa, naye akarudi nyumbani na sanduku la vifaa begani. Alikuwa na miaka 51. Hadi anafariki, ukimwuliza kazi yake, alikujibu "fundi", kana kwamba kesho asubuhi king'ora kingelia tena.

Nilifika Sydney mwaka 1993 nikiwa na miaka 35, nikaingia karakana ya mabasi upande wa magharibi wa mji. Kule Tanzania mtumishi wa umma anajua mapema: miaka 55 kwa hiari, 60 kwa lazima, barua inaletwa, unaagwa kwa soda na hotuba, unaondoka. Huku hakuna sheria inayomwambia fundi wa mabasi aondoke. Nilidhani huo ni uhuru. Kumbe ni mzigo, maana siku ya mwisho inakubidi uitafute mwenyewe.

Yangu nilijiwekea nitimize miaka 70. Sababu yake ilikuwa hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa na kosa. Naieleza kwa kirefu kwa sababu najua wapo humu ukumbini wanaoipiga vilevile. Pensheni ya uzee ya serikali hutolewa kuanzia miaka 67. Mtu akikaa nje ya Australia zaidi ya wiki 26, pensheni yake hukadiriwa upya kwa miaka aliyoishi nchini. Mwenye miaka 35 hukadiriwa kwa kiwango kizima. Mwenye pungufu hupata sehemu. Mimi nilipofika 67, mwaka 2025, nilikuwa na miaka 32. Nikajiambia: mitatu zaidi karakanani, kisha Tanga moja kwa moja.

Afisa aliyenihudumia alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole kwamba kinachohesabiwa ni miaka ya kati ya umri wa 16 na umri wa pensheni. Ikipita 67, hakuna kinachoongezeka. Tena hawahesabu kazi, wanahesabu ukaazi. Mke wangu, aliyekaa nyumbani akalea watoto wanne, anahesabiwa sawa na mimi niliyelala chini ya mabasi. (Alicheka sana siku hiyo, na alikuwa na haki.) Na nyinyi mnaotaka kurudi nyumbani mkiwa na miaka 64 ili mwombe pensheni mkiwa huko, tafadhali ulizeni kwanza: kwa kawaida maombi hupokewa ukiwa mkaazi wa hapa na uko hapa siku ya kuomba, na nchi zetu hazina mkataba na Australia wa kulegeza jambo hilo.

Lakini si hesabu iliyonitoa. Miezi michache kabla ya hapo nilifunga gurudumu la basi, nikatia saini karatasi. Kijana mmoja mwanagenzi alipopita na spana akakuta nati mbili hazijakazwa. Hakunisema kwa mkubwa. Alizikaza, akanitazama, akaendelea na kazi yake. Kwa juma zima sikumwambia mtu. Basi lile hubeba watoto wa shule.

Basi nikaanza kupunguza. Nchi hii ina likizo ndefu ya utumishi, ambayo asili yake ni karne ya 19, ilipotolewa ili watumishi wa serikali ya kikoloni wapate muda wa kusafiri kwa meli hadi Uingereza kuwaona jamaa zao. Likizo ya wahamiaji, kwa maneno mengine! Katika jimbo hili mtu aliyetumikia mwajiri mmoja miaka 10 hupata miezi miwili, nayo huongezeka kadiri anavyoendelea. Yangu nilikuwa nimeilimbikiza. Tumekubaliana niitumie siku mbili kila wiki, nifanye kazi siku tatu. Siku ya kwanza ya mapumziko niliamka saa kumi usiku, nikavaa viatu vya kazi, nikakaa jikoni.

Kuhusu fedha: mwajiri analazimika kuuchangia mfuko wa akiba ya uzeeni wa mfanyakazi tangu mwaka 1992, kwa asilimia 3 mwanzoni, na asilimia 12 tangu Julai 2025. Mimi nilianza wakati wa ile asilimia ndogo, kwa hiyo mfuko wangu si mnene. Unatosha wawili wenye kiasi.

Hautoshi ukoo. Hilo ndilo lililonisimamisha hapa. Tangu mwaka 1995 nimetuma nyumbani dola 400 kila mwezi, nyingine zikawa ada, nyingine dawa za shangazi. Tarehe 30 Juni 2026 naweka spana chini. Kuanzia Julai nitatuma 150, nazo ni za dawa za shangazi peke yake, hizo sitaziacha. Ada za watoto watatu walioko sekondari zinahitaji mabega mengine. Nimeona haya kulisema kwa simu, na nimeona haya zaidi kunyamaza. Majina ya watoto na kiasi cha kila mmoja nimempa katibu.

Kuhama kabisa hatutahama. Mke wangu hawezi kuwaacha wajukuu Blacktown, nami nimeacha kubishana naye. Kila mwaka, baridi ya Juni ikianza hapa, tutakuja Tanga tukae miezi mitano, chini ya zile wiki 26. Wenzangu wawili tuliofika nao pamoja walikuwa wakisema "mwakani" kila mwaka, wamelala Rookwood.

Aliyeko Tanga naomba alitazame paa la chumba cha uani kabla hatujafika. Nasikia linavuja.