Barabara Inaanza na Kikao

Leo tutaongea juu ya barabara. Siyo zile kubwa za taifa, bali ile ndogo inayotoka mashambani mpaka sokoni, ambako mwenye pikipiki anashuka na kusukuma, na mama anapita katika matope na mzigo wa mihogo mgongoni.

Pengine mtauliza: barabara na amani vinahusiana namna gani? Wakaaji wa Shabunda, katika Kivu ya Kusini, wanaweza kutujibu. Kwa miaka mingi barabara yao ilikuwa imekufa, na bidhaa nyingi zikawa zinafika kwa ndege, kwa bei ya ndege. Pahali ambapo gari halifiki, muuguzi anachelewa, hakimu haonekani, na mwenye bunduki anajifanya serikali.

Lakini kuna jambo la pili ambalo hatulisemi sana. Barabara inayotengenezwa vibaya inaweza kuamsha ugomvi uliokuwa umelala. Shamba la ndizi la ukoo mmoja linakatwa bila neno. Vijana wanaoajiriwa wote wanatoka ng’ambo moja ya mto. Feza zinaisha mbele ya daraja kujengwa, na kila upande unashtaki mwingine. Kwa hiyo nasema: barabara inaanza na kikao, jembe linafuata.

Kwanza, ulizeni barabara ni ya nani. Barabara za taifa ziko chini ya Office des Routes. Nyingine ni za jimbo. Zile za kufikisha mazao sokoni zina huduma yake katika maendeleo ya vijijini. Mkiandika barua kwa ofisi isiyohusika, barua italala ndani ya sanduku, nanyi mtasema serikali imewadharau.

Pili, tembeeni barabara yote kwa miguu kabla ya kuandika mpango. Waende wakubwa wa vijiji vya pande zote, akina mama wanaobeba mizigo, vijana wa pikipiki, wafugaji, Watwa, na pia waliokimbia vita wanaokaa kwenu. Hesabuni kilomita, vijito, madaraja mabovu na mahali maji yanaposimama. Adui wa barabara ya udongo ni maji. Barabara pana isiyo na mitaro itakufa katika musimu mmoja. Nyembamba yenye mitaro mizuri itaishi.

Tatu, andikeni kila shamba litakaloguswa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu na ya jamii, iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Sikilizeni vizuri neno hilo: ao kwa desturi. Hata kama huna karatasi, shamba ulilopewa kwa desturi lina ulinzi. Serikali ikilichukua kwa faida ya wote, inapaswa kulipa malipo ya haki, na kulipa mbele. Mwenye shamba akikubali kutoa kipande kwa mapenzi yake, iandikwe, atie sahihi mbele ya mashahidi, ili watoto wake wasianze vita kesho.

Nne, kazi. Wazee wetu wanakumbuka barabara za wakati wa Wabelgiji zilizolimwa kwa nguvu, na salongo ya wakati wa Mobutu. Leo kifungu cha 16 cha Katiba kinakataza kazi ya kulazimishwa. Kusaidiana kwa mapenzi ni jambo zuri. Kumkamata mtu njiani na kumtoza mbuzi kwa sababu hakuja ni jambo lingine. Pahali penye malipo, kila kijiji kipewe kipande chake, na majina yasomwe mbele ya watu wote. Akina mama pia waandikwe, kwa sababu wanaotumia barabara zaidi ni wao.

Tano, feza zitoke wapi? Kifungu cha 175 kinasema jimbo libakie na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayopatikana kwake. Kifungu cha 181 kimeweka sanduku la kusawazisha majimbo, lenye asilimia 10 ya mapato ya taifa. FONER, mfuko wa kutunza barabara ulioundwa mwaka 2008, unapata sehemu ya feza zake kwa kila litra ya mafuta inayouzwa. Kuna pia bajeti ya sekta ao ya chefferie yenu. Nisiwadanganye: majimbo yamelalamika miaka mingi kwamba ile asilimia 40 haifiki. Kwa hiyo msitegemee mkono mmoja. Gawanyeni mpango katika vipande: daraja hili tuombe jimbo, mitaro hii tuifanye wenyewe, kilima kile tutafute mfadhili.

Jambo hilo linawezekana. Katika miaka ya 2010, Luhwindja na komine ya Ibanda, huko Kivu ya Kusini, zilijaribu bajeti shirikishi: wakaaji waliitwa kusema kazi gani itangulie. Mtu aliyeshiriki kupanga haoni uzito kulipa kodi, kwa sababu anajua inakokwenda.

Lakini mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwezi hesabu ibandikwe sokoni: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Tena isomwe kwa sauti, maana si wote wanaosoma.

Sita, linda barabara ikiisha kujengwa. Bariere ya mvua, inayosimamisha malori mpaka udongo ukauke, ni ya lazima, isigeuke duka. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walitangaza kwamba walihesabu vizuizi 798 katika barabara za Kivu mbili. Anayekutoza, mwombe risiti. Asipokuwa nayo, peleka habari kwenye kamati pamoja na wenzako, kwa utulivu, bila mawe.

Ndugu msikilizaji, juma hili mfikie mkubwa wa kijiji chako na maswali matatu: barabara yetu ni ya nani? Kikao ni lini? Daftari liko wapi? Uliza kwa heshima, na umwalike jirani wa ng’ambo ya mto mwende pamoja. Mkiisha kukaa pamoja juu ya daraja moja, itakuwa rahisi kukaa pamoja juu ya mambo magumu zaidi.